Semina ilipendeza, lakini kazini hakikubadilika kitu

"Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwetu. Tuna wanachama wapatao 240 katika zamu tatu. Mwaka jana tuliandaa semina ya siku mbili kwa wanachama 26 walio mstari wa mbele. Tulimleta mwanasheria, akatufundisha sheria ya kazi kwa projekta asubuhi mpaka jioni, na alijua kazi yake kweli. Watu walifurahi, fomu za tathmini karibu zote ziliandikwa 'nzuri sana', tukagawa vyeti na kupiga picha. Miezi mitatu baadaye niliitisha mkutano kuhusu usafiri wa zamu ya usiku. Walikuja watu 9, na katika wale 26 wa semina niliwaona 4. Sasa kamati imenipa fedha za siku moja, watu 18. Wengine wanataka mwanasheria yule yule aje amalizie mada. Wengine wanasema semina ni kupoteza hela. Wapo wanaouliza posho kabla ya kuuliza mada. Tena nina hofu: mara ile meneja alijua kila kilichosemwa kabla hatujarudi kazini. Nifundishe nini siku hiyo moja, na nitajuaje kama imefaa?"

Ndugu katibu, pole na kazi. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ninavyoona umeuliza jambo moja kwa sura nne: kwa nini watu walioelewa somo, wakalipigia na makofi, hawakusogea hatua? Habari za posho, mwanasheria na meneja mwenye masikio marefu zote zinaning'inia hapo.

Nianze na mwanasheria, maana sina ugomvi naye. Semina ya kwanza niliyoendesha mimi ilikuwa kama yake. Nilizungumza karibu siku nzima, nikajiona nimemaliza. Wakati wa chai mama mmoja wa zamu ya usiku akanisogelea, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, umetueleza vizuri sana. Ila hujaniuliza kwa nini nimekuja." Sikuwa na la kujibu.

Semina za namna ile hujengwa juu ya wazo kwamba mfanyakazi hadai haki yake kwa sababu haijui. Mara chache huwa hivyo. Mtu anayetoka getini saa nane za usiku bila usafiri hahitaji kifungu cha sheria kimweleze kwamba anaonewa; miguu yake imeshamweleza. Kinachomzuia ni woga, pamoja na kile anachoamini kuhusu wenzake: kwamba siku atakayosimama atageuka nyuma asione mtu. Na yule mwanaharakati wako mwenye cheti, akimkuta mwenzake huyo kwenye foleni ya chakula, hajui aanzie wapi. Kifungu anacho kichwani. Sentensi ya kwanza hana.

Halafu kuna kusahau. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya ulichojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upoteaji hupunguza kasi. Kinachosalia zaidi ni kile ulichokirudia baada ya siku kadhaa, ukakitumia, na kilichoshikamana na jambo linalokuuma. Sasa fikiria siku mbili za projekta, bila kikao cha kurudia na bila kazi ya kwenda kufanya. Ilikuwa ni kujaza maji kwenye pakacha.

Fomu zako za tathmini hazikudanganya. Ziliuliza swali dogo tu. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza ngazi nne za kupima mafunzo: je, watu waliyapenda? Walijifunza kitu? Wanatenda tofauti wakirudi kazini? Na je, kutenda huko kumeleta matokeo? Wewe ulipima ngazi ya kwanza ukaishia hapo. Ile hesabu yako ya watu 4 kati ya 26 ndiyo ngazi ya tatu. Inauma, lakini ndiyo tathmini ya kweli uliyonayo, na umeipata bure.

Kwa hiyo wanaosema semina ni kupoteza hela wana hoja kuhusu semina ile. Kuhusu semina kwa ujumla wamekosea. Kule Tennessee, Marekani, mwaka 1932 ilianzishwa shule ndogo ya milimani iitwayo Highlander. Myles Horton na wenzake walitumia miaka mingi ya mwanzo kufundisha wafanyakazi wa vyama, na mtindo wao ulikuwa wa watu kukaa duara, kila mmoja akaeleza shida ya kwao, kisha wakaulizana watafanya nini wakirudi. Kiangazi cha 1955 alihudhuria hapo Rosa Parks. Desemba mosi mwaka huo huo alikataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, akakamatwa, na mgomo wa mabasi uliofuata ukadumu siku 381.

Watu huipenda hadithi hiyo kwa sababu isiyo yake, wakadhani semina ilimgeuza mama mpole kuwa shujaa. Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, tangu 1943. Aliyemwekea dhamana siku aliyokamatwa, na aliyekuwa mstari wa mbele kuuanzisha mgomo ule, ni E. D. Nixon, mtu wa chama cha wafanyakazi wa mabehewa ya kulala ya treni. Mtandao ulikuwepo tayari. Semina ilimkuta mtu ambaye wenzake walishamwamini, ikamwongezea nguvu. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue: siku yako moja haitazaa viongozi. Inaweza kuwanoa waliopo, kama utawaita wao.

Je, uliwaita wao mwaka jana? Unasema walio mstari wa mbele. Mara nyingi hao ni wale wanaoongea sana mkutanoni, au rafiki zetu, au ambao msimamizi hakosi kuwapa ruhusa. Anayefuatwa na watu ni mwingine. Wiki tatu kabla ya semina pita kila idara, kila zamu, uulize watu wachache swali moja: "Ukipata shida na msimamizi, unaanza kumwendea nani?" Andika majina. Jina litakalotajwa na watu watano wasiojuana vizuri, huyo ndiye wako. Usishangae akiwa mtu mkimya, au mtu anayekisema vibaya chama hadharani. Nimewahi kuletewa jina la fundi mmoja aliyekuwa amekataa kulipa ada miaka miwili. Tulipomfuata alitueleza sababu, na ilikuwa ya haki: alileta lalamiko ofisini, likafia kwenye droo. Mtu kama huyo mfuate kwa miguu yako, uketi naye. Barua yenye mhuri haitamleta.

Zamu zote tatu ziwe na watu ukumbini. Na aliyetoka kazini alfajiri usimketishe kwenye kiti saa mbili asubuhi. Atasinzia, utadhani mada haikumgusa. Ningeanza saa nne na kufunga saa kumi. Wazazi wenye watoto wadogo waulize mapema nani atawashikia, maana hapo ndipo wengi hupotelea bila kusema.

Siku yenyewe ningeanza na ramani. Bandika ukutani karatasi kubwa, uwape kalamu nene, wachore kiwanda wao wenyewe: mashine, milango, vyoo, kantini, ofisi ya msimamizi, geti. Kisha waweke alama. Rangi moja kwa mahali penye hatari au maumivu, nyingine kwa mahali ambapo watu hupata nafasi ya kuzungumza, na majina ya wale niliowaeleza hapo juu. Wafanyakazi wa Italia, hasa wa viwanda vya magari vya Torino, walichora ramani za hatari namna hii tangu miaka ya 1960, wakishikilia kwamba anayesimama kwenye mashine ndiye anayeijua hatari yake kuliko mtaalamu anayepita na kalamu. Utaona jambo dogo likitokea: mtu wa zamu ya asubuhi anaweka alama mahali, wa zamu ya usiku anamwambia "kumbe na nyinyi?" Ile imani ya kuwa peke yangu huanza kuvunjika hapo. Pia utaona sehemu tupu za karatasi, zile idara ambazo hakuna hata mmoja kati ya 18 anayemjua mtu. Usizifiche. Hizo ndizo kazi ya mwezi ujao.

Toka kwenye ramani na shida moja. Moja tu, nakusihi. Iwe inawagusa wengi, inawauma kweli, na kuna mtu mwenye jina na cheo anayeweza kuitatua. Usafiri wa usiku unaonekana kutimiza yote matatu, lakini usiwachagulie. Wakichagua maji ya kunywa, basi ni maji ya kunywa.

Sasa kiini cha siku, ambacho ningekipa muda mrefu kuliko vyote: kufanya mazoezi ya kuzungumza na mwenzako. Watu wataona haya mwanzoni, watacheka. Waache wacheke. Wagawe watatu watatu, mmoja awe mwanaharakati, wa pili mfanyakazi mwenye shaka, wa tatu atazame. Mara ya kwanza karibu kila kundi litatoa kitu kama hiki:

"Dada, unajua sheria inaturuhusu kukusanyika?"
"Najua, kaka. Ila mimi nina watoto watatu."
"Ndiyo maana ujiunge! Bila umoja hatufiki popote, mwajiri anatugawa…"

Hapo dada ameshaangalia simu. Simamisha zoezi, umuulize aliyekuwa anatazama: nani ameongea zaidi? Kisha rudieni, safari hii mwanaharakati akikatazwa kueleza chochote mpaka ameuliza maswali matatu.

"Dada, jana ulifika nyumbani saa ngapi?"
"Usiniulize. Saa kumi kasorobo. Kwa miguu."
"Peke yako?"
"Na yule mama wa kufungasha mpaka njia panda. Kutoka hapo peke yangu."
"Unawaza nini ukiwa njiani?"
"Nawaza nikipata la kunipata, watoto watafunguliwa mlango na nani."
"Alhamisi tunampelekea meneja waraka wenye saini za zamu nzima ya usiku. Utasaini?"

Baada ya swali hilo la mwisho, mwanaharakati anyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote, na halifundishiki kwa projekta. Karibu kila mtu huogopa ukimya akajijibu mwenyewe: "au kama una shughuli, basi siku nyingine." Amemfungulia mlango wa kutokea. Fanyeni zoezi la kunyamaza mpaka mzoee.

Akisema ndiyo, bado swali moja: "Meneja akikuona umesaini, atakwambia nini?" Mwache aseme mwenyewe vitisho anavyovitarajia, mvijadili mkiwa mmekaa kwa utulivu. Ni chanjo. Kitisho ulichokwisha kukisikia kinywani mwa mwenzako hakikuangushi unapokutana nacho ofisini. Wala usimdanganye kwamba hakuna hatari. Mtu mzima anajua ipo, na ukiikana atakuona hujui unachosema.

Mwanasheria mpe saa moja baada ya chakula. Asije na mada yake. Mpelekee maswali yaliyotoka kwenye ramani na kwenye mazoezi. Naweza kufukuzwa kwa kusaini waraka? Nikiitwa ofisini, naweza kwenda na mwakilishi? Ajibu kwa sheria ya nchi yenu na kwa mkataba wenu wa pamoja, ule kati ya chama na mwajiri. Mwombe pia agusie ulinzi wa wawakilishi. Mkataba namba 135 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unataka wawakilishi wa wafanyakazi walindwe dhidi ya kufukuzwa kwa sababu ya kazi yao ya uwakilishi, ilimradi wanafuata sheria na makubaliano yaliyopo. Namba 140 wa 1974 unahusu likizo ya mafunzo yenye malipo, na mafunzo ya vyama vya wafanyakazi yametajwa humo. Mikataba hiyo huzifunga nchi zilizoiridhia, hivyo atakuambia kama yenu imo. Kama imo, au kama mkataba wenu wa pamoja una kipengele hicho, huenda siku yako ya semina ingeombewa ruhusa yenye mshahara, na sehemu ya tatizo la posho ingejitatua.

Kuhusu posho yenyewe, nitasema wazi ingawa si wote watakaofurahi. Rudisha nauli, lisha watu, na anayekatwa mshahara wa siku mfidie alichokatwa. Kukaa kwenye kiti usikulipe. Tangaza kiasi hicho mapema, sawa kwa kila mtu, bila ya kamati kupata zaidi. Wachache watajitoa. Wengine wataendelea kunung'unika na bado watakuja. Wala usimhukumu haraka anayeuliza posho kwanza: ukiwa na mshahara wa kuhesabu, siku moja nje ya kibarua ni hesabu ya kweli, na nimewaona watu waliokuja kwa ajili ya chakula wakageuka kuwa nguzo za tawi.

Na yule anayempelekea meneja maneno? Chukulia kwamba yupo, na kwamba utakayosema mbele ya watu 18 yatafika. Basi panga siku ambayo hata ikifika haiumizi. Ramani ya hatari na mazoezi ya mazungumzo si siri. Meneja akisikia wafanyakazi wake wanajifunza kusikilizana, sawa. Mambo ya kulinda ni majina ya wanaoyumba na tarehe za hatua zenu, na hayo yazungumzwe na watu wachache, uso kwa uso. Majina ya kwenye ramani yaandikwe kwa alama mnazozijua nyinyi, na karatasi uondoke nayo wewe. Pasiwe na picha za nyuso wala orodha kwenye kundi la WhatsApp. Ila usianze kumsaka mtoa habari. Nimeona matawi yakiangamia kwa kushukiana, na mara nyingine hakukuwa na mtoa habari yeyote: msimamizi alikuwa amesikia kwa mtu aliyejisifu baa.

Nusu saa ya mwisho, kila mshiriki aandike majina mawili ya watu atakaozungumza nao, na siku atakayofanya hivyo. Karatasi hiyo abaki nayo. Wewe unahitaji kujua siku tu. "Tukahamasishe wenzetu" haitoshi, hiyo ni hewa. Funga kwa kutaja tarehe ya kukutana tena baada ya wiki mbili, saa moja tu, na kikao cha pili wiki mbili baada ya hapo. Ningekuwa na fedha za siku moja kama wewe, ningepunguza chakula cha mchana kiwe cha kawaida ili nibakize za vikao hivyo viwili. Bila hivyo nisingefanya semina kabisa.

Yapo mambo ambayo jibu hili haliyamudu, wala semina haiyamudu. Kama kuna mtu ameshafukuzwa, amepewa barua ya onyo au ameitwa kujieleza kwa sababu ya chama, asisubiri siku ya semina: mpeleke leo kwa mwanasheria wa chama au ofisi ya juu, kwani malalamiko ya kazi huwa na muda wa kufunguliwa na muda huo huweza kuwa mfupi. Mkianza kuzungumzia mgomo, pata ushauri wa ana kwa ana kabla ya kutamka tarehe yoyote, maana mahali pengi kuna taratibu za kura na taarifa ambazo mkizikosea mnapoteza ulinzi wa sheria. Ramani ikionyesha watu wa sehemu moja wote wanakohoa au wanawashwa ngozi, mwiteni mkaguzi wa afya na usalama kazini, na wagonjwa wamwone daktari. Na ikitokea mtu, katikati ya zoezi, ameanza kueleza kwamba msimamizi anamtaka kimapenzi kwa nguvu, usiifanye hiyo mfano wa darasa. Tangaza mapumziko, mchukue kando na mtu anayemwamini, na lalamiko lake lishughulikiwe kwa siri kwa njia anayoikubali yeye.

Umeuliza utajuaje kama imefaa. Watu 18, majina mawili mawili, ni mazungumzo 36. Kwenye kikao cha wiki mbili usiwaulize kama walifurahi. Kila mtu aeleze alimwambia nani nini na alijibiwaje, na aliyeshindwa kuanza aseme alikwamia wapi, kisha mlirudie zoezi pale pale. Nikipata mazungumzo 15 yaliyofanyika kweli, huwa nimeridhika. Baada ya hapo pandisha ombi kidogo kidogo: saini kwenye waraka, utepe wa rangi moja kazini siku ya Ijumaa, kuja mkutanoni. Kila ombi litakuonyesha idara ipi iko nanyi na ipi bado, kabla hamjajiingiza kwenye jambo zito. Ukishafanya kikao cha kwanza, niandikie idadi ya mazungumzo, na uniambie wengi walikwamia wapi.